Udongo wa Boma la Zamani

Mwezi uliopita rafiki yangu wa zamani, Nashipai, aliletwa Karatu kutibiwa macho, na kwa kuwa daktari alimtaka arudi kesho yake, alilala kwangu. Hatukuwa tumeonana kwa miaka mingi, tangu marehemu mume wangu alipostaafu tukahama kutoka kule juu ukingoni mwa kreta. Nilimkalisha sebuleni, nikaenda jikoni kuchemsha maziwa. Niliporudi nilimkuta amesimama dirishani, uso ameusogeza kabisa kwenye kopo langu la maua linaloning'inia pale, anapapasa. Majani hakuyagusa. Kidole chake kilikuwa kwenye udongo. Alichukua chembe kidogo, akaisugua, akainusa, kisha akaniuliza, kwa utulivu wa mtu anayeulizia habari za watoto, kama huo udongo ni wa dukani. Nikamwambia ndiyo, siku hizi vijana wa vitalu vya maua wanauchanganya wenyewe na kuuza kwenye mifuko. Alicheka kidogo, akakaa. Nilimmiminia chai, tukazungumza habari za ng'ombe na wajukuu. Lakini mimi, mwanamke mzima niliyezika wazazi na mume, nilikuwa nimeshikwa na ubaridi mgongoni, ubaridi uleule wa mwaka wa kwanza wa ndoa yangu, na chai yangu ilipoa mkononi bila kunyweka.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa, wageni wa kuja kutazama wanyama wakawa wachache, na maduka ya Karatu yalikuwa na rafu nyingi kuliko bidhaa. Daniel, mume wangu, alikuwa dereva wa hifadhi, akimwendesha mkubwa wa pale tuliyemwita Bwana Mhifadhi. Tulipewa chumba kimoja na jiko kwenye nyumba za wafanyakazi, chini ya miti mirefu yenye ndevu za kuvu. Ukungu uliingia asubuhi kwa mlango na kutoka mchana kwa dirisha, ukipenda kutoka. Nguo hazikukauka. Nyati walikuja kula majani ukutani kwetu, nami nilijifunza kufungua mlango kidogo kwanza na kusikiliza kabla ya kwenda kuchota maji. Lakini nyati nilimzoea. Kitu ambacho sikukizoea kilikuwa kimya cha Daniel siku alizorudi kutoka kuwapeleka askari. Miaka michache kabla ya hapo kulima kulikuwa kumepigwa marufuku katika eneo zima la hifadhi. Aliyekutwa na shamba, hata la maharage ya sufuria moja, mazao yake yaling'olewa na yeye akachukuliwa. Mama yangu, ambaye hakujua hayo, alinifungia jembe jipya kati ya vyombo vya harusi. Daniel alipolifungua mzigoni alilitazama kana kwamba nimemletea bunduki, na kesho yake lilirudi kwetu Rhotia, karibu na Karatu, juu ya lori, limeviringishwa kwenye gunia. Aliniambia, kwa upole, kwamba nikiona kitu huko nje nisimwambie, kwa sababu akijua ataulizwa, na akiulizwa hajui kudanganya.

Kazi yangu niliipata kwa sababu ya ua. Mke wa Bwana Mhifadhi, Mama Grace, alikuwa mtu wa Lushoto, mnene, mwenye sauti ya chini. Mama yake alikuwa amefariki mapema mwaka ule, na kitu pekee alichokileta kutoka barazani kwa marehemu kilikuwa tawi la ua la kutambaa, lile lenye majani ya umbo la moyo na michirizi ya manjano. Alilipakata kwenye basi njia nzima. Akalipanda kwenye kopo la mafuta ya kupikia, akalining'iniza kwa kamba ya katani sebuleni karibu na moto, na ua likaanza kufa. Akasikia kwamba mke wa dereva alikuwa amefanya kazi ya maua kwa masista wa misheni kabla ya kuolewa. Akaniita. Alinisimamisha chini ya lile kopo, akaniambia: "Paulina mwanangu, mama yangu amekufa mara moja. Sitaki afe mara ya pili humu ndani." Nilitamani kucheka, sikuthubutu, maana macho yake yalikuwa yamejaa.

Niligonga kopo, nikatoa mmea na udongo wake. Mizizi ilikuwa ya kahawia, laini, inanuka kama maji ya chombo cha maua yaliyosahauliwa. Udongo ulikuwa wa msituni nyuma ya nyumba, mweusi, wa kupendeza macho, na hapo ndipo watu wengi hudanganyika. Udongo wa msituni unashika maji, na kule juu hakuna jua la kuyakausha. Ua la kutambaa linataka mizizi yake ipumue. Nilikata iliyooza, nikaanza kutafuta. Daniel aliniletea udongo mwepesi wa kijivu kutoka chini kwenye kreta. Ulipitisha maji vizuri sana, lakini baada ya muda kingo za majani zikaungua, na nilipouweka ulimini nikajua kwa nini: ulikuwa na magadi. Nikaumwaga. Nikapata vijiwe vyepesi vyenye matundu pale barabara ilipokatwa kilimani, nikavipondaponda, nikatandika mkaa chini ya kopo. Kilichobaki ni chakula cha mmea, kitu chenye nguvu lakini chepesi. Masista walikuwa wakitumia samadi iliyokaa miaka, iliyosahau kwamba iliwahi kuwa samadi. Mbichi ni ya moto, inaunguza. Ya zamani unaishika mkononi inavunjika yenyewe, na hainuki kitu.

Aliyekuwa nayo ni Nashipai. Alikuwa akituletea maziwa kwenye vibuyu, mwanamke mrefu aliyenizidi miaka michache, mwenye watoto watatu na mume aliyekuwa mzee tayari. Ugonjwa wa kupe ulikuwa umemaliza sehemu kubwa ya ng'ombe wao mwaka uliotangulia, na maziwa yake yalikuwa yakipungua kila wiki bila yeye kusema neno. Nilipomuuliza habari ya samadi ya zamani alinitazama kwa muda, akafikiri, kisha akasema nimfuate. Tulitembea kupitia majani marefu mpaka kwenye boma lililohamwa zamani, ambalo kutoka njiani lilionekana kama zizi tupu la ndama, limezungushiwa miiba. Alivuta tawi moja pembeni, tukaingia. Ndani kulikuwa na maharage yameanza kutoa maua, mistari ya viazi, na maboga yametambaa mpaka juu ya ua wa miiba. Bustani ile ingeenea ndani ya sebule ya Mama Grace. Mimi ni mtoto wa wakulima, na niseme ukweli, kitu cha kwanza nilichohisi ni furaha, kama mtu aliyesikia lugha ya kwao ugenini. Kitu cha pili kilikuwa woga, na huo ulikaa. Nashipai hakuniomba nifiche siri. Alisema tu kwamba watoto wameacha kulia jioni. Alinijazia kitambaa changu kutoka pembeni ambako samadi ilikuwa nene, na nilipotoka nilirudisha lile tawi la miiba mahali pake kwa mikono yangu mwenyewe.

Nilichanganya kwenye beseni nyuma ya jiko la Mama Grace. Sikuchekecha. Samadi ya zamani haichekechwi kwa mmea wa namna ile, kwa sababu mabonge madogo ndiyo yanayoacha nafasi ya hewa. Ningeisaga kama unga, mizizi ingezibwa tena. Kwa hiyo niliyaacha mabonge kama yalivyo, nikachanganya na vijiwe vyangu, nikapanda, nikamwagilia kidogo, nikatundika. Ua lilishika. Majani mapya yakatoka, yakang'aa, na Mama Grace akaanza kunibakizia vipande vya mkate. Nilijiona fundi. Ingekuwa ni hadithi ya ua tu, ningeimalizia hapo nikiwa kifua mbele.

Siku moja walikuja wageni wa kikazi kutoka Arusha, na Mama Grace aliniita nimsaidie chai. Nilikuwa nimemaliza kupanga vikombe nilipomsikia Bwana Mhifadhi akiwaeleza wenzake kwamba sasa watu wamekuwa wajanja, wanalima ndani ya maboma yao ya zamani, nyuma ya miiba, ambako gari halioni. Alisema dawa ni kutembea kwa miguu, boma kwa boma. Aliyasema bila hasira, kama mtu anayepanga kuziba paa linalovuja. Nikainua macho ili nisimtazame, na macho yangu yakaenda moja kwa moja kwenye kopo, juu ya kichwa chake. Katikati ya ua la marehemu mama wa Lushoto kulikuwa na shina nene la kijani kibichi, na majani mawili manene ya mviringo, na katikati yake jani la tatu lenye manyoya, linafunguka. Mtoto wa mkulima hahitaji kuambiwa hilo ni nini. Siku chache kabla nilipomwagilia halikuwepo. Mbegu ilikuwa imejificha ndani ya mabonge yangu ya fundi, na joto la moto likailea. Niliomba Mungu wageni wasiangalie juu. Mmoja wao akaangalia juu.

Aliuliza kwa kucheka kama Mhifadhi naye sasa ana shamba lake. Wenzake wakacheka. Bwana Mhifadhi hakucheka. Alisimama, akaligeuza kopo taratibu, akaligusa lile jani kwa ncha ya kidole.

"Hili ni boga," alisema. "Paulina, udongo huu umetoka wapi?"

"Karatu, mzee," nilisema. "Nyumbani kwetu, Rhotia."

Neno lilitoka lenyewe, na lilitoka bila kutetemeka, jambo linalonishangaza mpaka leo. Alinitazama, akaitikia kwa kichwa, akakaa, na mazungumzo yakarudi kwenye barabara na mafuta ya magari. Mama Grace alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai. Nilikusanya sahani, nikaenda jikoni, nikatia mikono kwenye maji ya moto. Nilikuwa nimeshaosha vikombe viwili au vitatu nilipokumbuka. Udongo wa Karatu ni mwekundu. Kila mtu anajua. Unapanda kwenye soksi, kwenye shuka za kitanda, kwenye manyoya ya kuku, hata magari yanayotoka huko unayajua kwa rangi. Ule wa kwenye kopo ulikuwa mweusi tii. Nilisimama pale na kikombe mkononi, nikisikia sauti zao sebuleni na kungoja mojawapo iite jina langu.

Haikuita. Nilirudi nyumbani, nikakaa kitandani na kanga yangu mabegani. Siku hizi watu wakizungumza habari za woga huzungumza kama ni kitu kinachopiga kelele. Wangu ulikuwa wa hesabu. Nilikuwa nikipanga: wakijua, watakwenda kwa Nashipai, watang'oa, watamchukua mzee wake, na watoto watarudi kulia jioni. Tena watauliza nani alijua akanyamaza, na Daniel atapoteza kazi na chumba. Kisha nilianza upya kutoka mwanzo, nikitafuta mahali ambapo ningejibu vingine. Jua lilikuwa bado halijazama Daniel alipoingia. Hakuvua koti. Aliniambia kwamba garini mzee alimuuliza kama mkewe amewahi kubeba udongo kutoka Karatu kwa gari la kazi.

"Nimemwambia ndiyo," Daniel alisema. "Sasa niambie, nimesema ndiyo kwa kitu gani?"

Sikumwambia. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha nisimwambie, nami nilimkumbusha, na hiyo ndiyo mara ya kwanza tuliyokaa mezani tukala ugali bila kutazamana. Baadaye, akiwa amenipa mgongo anafuta viatu, alisema kana kwamba anajisemea kwamba Alhamisi ameambiwa gari liwe tayari mapema, na askari watakuwepo. Wapi wanakwenda hakuambiwa. Mpaka leo ninaamini alijua anachofanya aliposema maneno yale, ingawa nilipomuuliza uzeeni alidai hakumbuki.

Kesho yake, ukungu ulipoinuka, nilikwenda kwa Nashipai. Nilimkuta ndani ya nyumba yake, gizani penye moshi, anakamua tone la mwisho la chai kutoka kwenye majani yaliyokwisha chemshwa mara nyingi. Nilimweleza kila kitu: boga, swali, jibu langu, rangi ya udongo, Alhamisi. Nilitarajia anilaumu. Aliuliza jambo moja tu, kama askari watakuja kwa gari au kwa miguu. Nikamwambia mzee alisema kwa miguu. Akafunga shuka yake vizuri, akatoka, mimi nyuma yake. Alianza na maharage. Yalikuwa yamefunga, maganda yamejaa lakini bado mabichi, na aliyang'oa pamoja na mizizi yake yote, akiyarundika kwa ajili ya ndama. Viazi tulivitoa vikiwa vidogo kama kokoto, vile vya kupikwa tukavitia kwenye kibuyu. Maboga yaliyokuwa kwenye miiba aliyavuta chini, akayapasua kwa fimbo, mbegu zikatawanyika kila upande, ng'ombe wakaletwa kula na kukanyaga. Mpaka mchana pale palikuwa zizi kweli. Mikono yetu ilikuwa ya kijani. Hakulia, mimi ndiye niliyelia, naye alinitazama kwa mshangao kidogo, kama unavyomtazama mgeni anayelia kwenye msiba wa watu.

Alhamisi Daniel alitoka asubuhi na gari likiwa limejaa askari. Nilishinda nimekaa kizingitini, siwezi kupika, siwezi kufua. Nilisikia kila gari lililopanda kilima. Walirudi jioni na matope mpaka madirishani. Walikuwa wamekwenda mpaka Mang'ola, kusaidia kuvuta lori la vitunguu lililoziba barabara ambayo wageni wa Arusha walitaka kupita. Hakuna aliyekanyaga karibu na boma la Nashipai. Wiki iliyofuata pia hawakuja, wala iliyofuata. Niliendelea kwenda kwa Mama Grace kumwagilia ua. Boga halikuwepo tena kwenye kopo, na mimi sikuuliza limekwenda wapi. Kila nilipomsikia Bwana Mhifadhi akikohoa sebuleni, nilimwaga maji pembeni ya kopo.

Mvua zilikuwa zimeshaanza Mama Grace aliponifungia mlango wa jikoni, akaniambia niketi. Nilidhani saa yangu imefika. Alinimiminia chai, akakata mkate, kisha akasema kwamba yeye amekulia shambani, na hahitaji kuelezwa tofauti ya udongo wa Karatu na udongo mwingine. Jioni ya siku ile ya wageni mume wake alikuwa ameuliza mbona mweusi. Akamjibu kwamba ni yeye aliyeuchanganya na masizi na majivu ya jikoni, kwa ajili ya ua la mama yake, na mzee akaridhika, akaomba maji ya kuoga. Lile boga alilikata kwa kucha zake wageni walipoaga, kabla hata hawajafika getini.

"Sitaki kujua ni wa nani," alisema. "Ukiniambia nitakuwa najua. Lakini mwambie mwenyewe kwamba hapa kwangu limekwisha."

Nilitaka kumbusu mikono. Nilitoka pale nikiwa mwepesi, sikusubiri hata mvua ikatike. Nilikimbia, nikateleza, nikainuka, nikiwaza jinsi nitakavyomwambia Nashipai kwamba tuliteswa na kivuli, kwamba siku ileile mambo yalikuwa yamekwisha na sisi hatujui. Nilikuwa hata nimeshapanga kumwomba mama mbegu za maharage kutoka Rhotia. Nilimkuta kwenye lile boma la zamani, ameinama, shuka imelowa imemgandia mgongoni, mikono inakwenda ardhini. Nikadhani anapanda. Nilimwita kwa furaha, nikamwambia yote nikiwa bado nje ya miiba: kwamba Mama Grace alijua toka mwanzo, amefunika, na askari hawakuja.

Aliinuka, akanisikiliza mpaka mwisho. Mkononi alikuwa na fungu la miche. Nikatazama chini nikaona. Mvua ilikuwa imezifikia zile mbegu tulizozitawanya, na boma zima lilikuwa limeota, majani mawili mawili manene, yamebanana kutoka ua wa miiba mpaka ua wa miiba, maboga mengi kuliko aliyowahi kupanda. Watoto wake walikuwa wakinywa maziwa yaliyotiwa maji, na yeye alikuwa akiyang'oa.

"Umesema hawakuja," Nashipai alisema. "Hujasema hawatakuja."

Mvua ilikuwa bado inanyesha, na ingenyesha kesho. Nilivua viatu, nikavuta lile tawi la miiba, nikaingia, nikaanza kung'oa upande wa pili.